Masika, kipupwe, vuli au kiangazi: shughuli yako uipange lini?

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu Januari ni mwezi wa jua. Mvua za vuli zimekata, kaskazi inavuma kutoka baharini, na nguo ukizianika asubuhi, adhuhuri unazianua. Kwa hiyo shemeji yangu wa Songea aliponiomba tupange pamoja ujenzi wa nyumba ya mama mkwe, sikusita. Nikamwambia tuanze Januari, nikiwa likizo. Mama mwenyewe alinieleza kwenye simu, kwa upole: "Mwanangu, huku Januari ni ya jembe, si ya tofali." Nikaitikia, lakini sikumsikia.

Msingi uliochimbwa Jumatatu, kufika Jumatano ulikuwa na maji ya kufika magotini na kingo zake zimeporomoka. Lori la mchanga lilizama kwenye udongo mwekundu mita mia mbili kabla ya kiwanja, na mchanga ukabebwa kwa ndoo. Saruji tuliipanga kwenye jiko la nje, juu ya sakafu ya udongo, tukaifunika turubai. Baada ya wiki mbili mifuko ya chini ilikuwa imeganda. Ukiigonga na nyundo inalia kama jiwe. Karatasi ya mfuko ilikuwa bado nzuri, maandishi yake hayajafutika, lakini ndani hakuna saruji tena. Tulisimamisha kazi.

Tangu wakati huo, mtu akiniuliza mwezi gani ni mzuri kwa harusi, kwa kujenga au kwa safari, nami humuuliza: mzuri wapi? Tanzania ni moja, lakini kwa mvua ni nchi mbili, na anayechagua mwezi kwa uzoefu wa nchi ya kwanza akaupeleka kwenye ya pili anaumia. Linganisho lote linaanzia hapo.

Kwa nini Januari moja iwe miezi miwili tofauti

Mvua zetu hulifuata jua. Mahali ambapo jua liko karibu na utosi, ardhi na bahari hupata joto, hewa hupanda, na pepo za pande mbili hukutana hapo: kaskazi ikitoka kaskazini mashariki, kusi ikitoka kusini mashariki. Hewa iliyobeba unyevu wa bahari ikipanda hupoa, ikawa mawingu, ikawa mvua. Ukanda huo haukai mahali pamoja. Jua hupita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa.

Sasa tazama ramani. Nchi yetu huanzia nyuzi moja hivi kusini mwa ikweta, ikashuka hadi karibu nyuzi 12. Eneo la kaskazini hupitiwa na ukanda mara mbili. Unaposhuka kwenda kusini, Oktoba hadi Desemba, huleta vuli. Unaporudi, Machi hadi Mei, huleta masika. Katikati ya safari hizo mbili panabaki pengo la jua, nalo ndilo Januari na Februari ninazozijua mimi.

Kusini hakuna pengo hilo. Ukanda hufika huko Novemba au Desemba, na kwa kuwa ni karibu na mwisho wa safari yake, huzunguka hapohapo mpaka unapogeuka na kuondoka Aprili. Ndiyo maana kule mvua ni moja, ndefu. Wakati Tanga wanaanika nguo, mvua imekaa juu ya Ruvuma.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, nayo hugawa nchi hivyo katika utabiri wake. Upande wa mvua mbili ni mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, yaani Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara. Halafu Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Halafu Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja, Pemba na kaskazini mwa Morogoro, pamoja na kaskazini mwa Kigoma. Upande wa mvua moja, ambayo wenyewe huiita mvua za Msimu, ni kusini mwa Kigoma, Tabora, Katavi, Dodoma, Singida, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi, Mtwara na kusini mwa Morogoro. Morogoro na Kigoma unaona zimegawanyika. Mtu wa huko asiulize mkoa, aulize wilaya.

Bukoba niiweke pembeni. Iko upande wa magharibi wa ziwa, pepo huvuka maji yote yale kabla ya kuifikia, na mvua yake kwa mwaka ni karibu milimita 2,000. Dodoma haifiki 600 kwa kawaida. Ukiwa Bukoba huchagui mwezi wa bila mvua, unachagua mwezi wenye mvua kidogo, na huo ni Juni au Julai.

Tanga na Songea kando kwa kando

| Miezi | Tanga (mvua mbili) | Songea (mvua moja) |
|---|---|---|
| Januari na Februari | Jua na joto la fukuto, kaskazi | Mvua katikati ya msimu, palizi |
| Machi hadi Mei | Masika, Aprili na Mei ndizo nzito | Mvua za mwisho, zinakata Aprili au mwanzoni mwa Mei |
| Juni hadi Septemba | Kipupwe, kusi, manyunyu ya hapa na pale | Ukavu kabisa, usiku wa baridi |
| Oktoba hadi Desemba | Vuli | Joto kali kisha mvua za kupandia |

Kuna jambo ambalo jedwali halionyeshi vizuri, nalo ni joto. Tanga mwezi wa moto ni Februari na Machi. Songea, kama Dodoma na Tabora, mwezi wa moto ni Oktoba na Novemba, kabla mvua haijashuka, maana mvua zikianza mawingu hufunika jua na ardhi hupoa. Mgeni wa Pwani huenda Dodoma Novemba akiamini amelikimbia joto, akakutana na upepo mkavu unaopasua midomo. Angeenda Januari angekuta mtama umefika kiunoni na hewa imelainika.

Masika au vuli

Kwa walio upande wa mvua mbili, hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, na nitakaa hapa zaidi.

Masika ni mvua nzito na ni ya kuaminika zaidi. Hunyesha usiku, huendelea asubuhi, na inaweza kukaa siku tatu jua halijaonekana. Dar es Salaam, Aprili ndio mwezi unaopata maji mengi kuliko mwingine wowote. Mto Msimbazi hufurika, Jangwani hujaa, na anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo analazimika kuzunguka mbali. Rufiji na Kilombero nazo hupanda, na barabara nyingi za vumbi katika mabonde hayo hufungwa. Ubaya wa masika unajulikana mapema. Haikushtukizi. Mkulima anaisubiri, mwenye lori anapanga njia nyingine, na mwenye nyumba ya bondeni anahamisha godoro.

Vuli ni tabia nyingine. Hunyesha kwa vipande: kata hii imelowa, kata ya jirani vumbi linatimka. Hutanguliwa na radi za jioni. Kuna mwaka inapita kimyakimya, mahindi yakabaki na urefu wa goti na majani yamejikunja kama sigara. Kuna mwaka inakuja kupita masika. Vuli ya 1997 iliyoungana na mvua za mwanzo wa 1998 ilikata madaraja na reli. Ya 2019 ilikuwa nzito. Ya 2023 ilikuwa nzito zaidi katika maeneo mengi, na ndani yake, tarehe 3 Desemba, tope la Mlima Hanang liliporomoka juu ya mji wa Katesh na kuua watu. Kabla ya hapo, vuli ya 2021 na ya 2022 zilikuwa haba. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji.

Sababu ya kuyumba huko iko baharini. Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kupita kawaida na upande wa Indonesia ikapoa, unyevu mwingi huvutwa kuja huku. El Nino, ambayo ni kuongezeka kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki, mara nyingi husukuma mambo kuelekea hukohuko. La Nina hufanya kinyume. Mambo haya mawili huigusa vuli sana kuliko yanavyoigusa masika.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami nalipenda kulirudia kwa wakulima: vuli ndiyo inayoyumba zaidi, lakini pia ndiyo inayotabirika mapema zaidi, kwa sababu joto la bahari hupimwa miezi kadhaa kabla. Masika hairukiruki kiasi hicho kutoka mwaka hadi mwaka, ila ni ngumu kwa wataalamu kusema mapema kama mwaka huu itakuwa kubwa au ndogo. Maana yake kwa mwenye shamba ni hii: masika usiiamue kwa utabiri wa msimu, iamue kwa uzoefu. Vuli usiiamue kwa uzoefu, subiri utabiri.

Kwa zao, chaguo langu halina mjadala mrefu. Mahindi ya muda mrefu, mpunga wa bondeni na miche ya miti iende masika. Vuli niipe maharage, kunde, na mahindi ya muda mfupi, na nisiweke mtaji wote humo. Yapo maeneo ambako vuli ndiyo yenye nguvu, kama baadhi ya sehemu za mikoa ya Ziwa ambako huanza mapema, Septemba, na huko wenyewe wanajua. Lakini mtu aliyenunua shamba Handeni au Kilosa kwa mara ya kwanza asianze na vuli.

Jambo la kukausha nalo husahaulika. Mahindi ya vuli hukomaa kwenye jua la Januari na Februari, yanakauka upesi, lakini ukichelewa kuvuna masika inayakuta shambani. Ya masika hukomaa Julai na Agosti. Pwani hilo ni zuri. Lushoto au Rombo, kwenye ukungu, hukauka polepole na unatakiwa uyaanue kila jioni. Mahindi yasiyokauka sawasawa huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ikiwa huna ghala wala turubai, ufikirie mwezi wa kuvuna kabla ya kufikiria mwezi wa kupanda.

Kiangazi au kipupwe

Vyote viwili ni vipindi vya jua, na watu huvichanganya. Havifanani hata kidogo.

Kiangazi cha Januari na Februari, huku upande wa mvua mbili, ni jua la karibu na utosi. Dar es Salaam mchana hufika nyuzi joto 32 au 33, na kwa kuwa hewa ina unyevu, jasho halikauki. Kulala bila feni ni mateso. Watoto wachanga hutoka vipele vya joto. Kwa upande mwingine ni wakati wa maembe, na bahari ni nzuri kwa wazamiaji, hasa Februari na Machi upepo unapolegea na maji yakaangaza.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni cha kusi. Pwani usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na watu wa Dar es Salaam hutoa makoti. Kwa mtu anayetaka kufanya kazi ya mwili mchana kutwa, au kumsafirisha mzee mgonjwa, au kusimamisha hema la harusi na watu 300 ndani, sijui kipindi kizuri kuliko hiki. Maonesho yetu makubwa ya wazi, Sabasaba tarehe 7 Julai na Nanenane tarehe 8 Agosti, yanaangukia humo, na mtu anaweza kutembea kutwa bila kuchoka.

Lakini kipupwe kina sura nne, na ukikosea sura unajutia.

Pwani ya Tanga na Pemba hakikauki kabisa. Kusi hubeba manyunyu kutoka baharini, na Julai unaweza kulowa mara mbili kwa siku kisha jua likawaka. Bahari huchafuka. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja huwa na mawimbi makubwa, na TMA ikitoa angalizo la upepo mkali wenye mitumbwi wanatakiwa wakae nchi kavu. Anayetapika baharini avuke asubuhi na mapema, au apande ndege, au asubiri Oktoba, kipindi cha kati ambapo pepo zinabadilishana na bahari inatulia.

Arusha, Moshi na Lushoto hupata mawingu na ukungu. Watu husafiri Julai kuutazama Mlima Kilimanjaro kutoka Moshi mjini, wakakaa siku tatu bila kuuona. Wapandaji wenyewe hawana shida hiyo, kwa sababu wakishapita msitu hutokea juu ya mawingu. Kwa anayetaka kuuona mlima akiwa chini, alfajiri ya Januari au Februari ni bora kuliko kipupwe chote.

Mbeya, Njombe na Makete ni baridi kweli. Joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Juni na Julai usiku hushuka chini sana, na kwenye mabonde ya Makete na uwanda wa Kitulo sakitu, yaani umande ulioganda, huanguka. Nilikuwa Makete asubuhi moja ya Juni. Majani yote ya kando ya njia yalikuwa na unga mweupe, ukikanyaga yanavunjika kwa sauti kama ya maganda ya yai. Saa tatu jua lilipopanda unga ukayeyuka, na shamba la viazi lililokuwa bondeni likabadilika rangi mbele ya macho yetu: majani yalianza kulegea, kisha yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mwenye shamba alisema aliyapanda mwezi mmoja nyuma ya wenzake. Lililokuwa juu ya mteremko, hatua hamsini tu kutoka hapo, halikuguswa, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kukaa bondeni.

Dodoma na Singida ni ukavu na upepo wa vumbi. Kwa shughuli za nje ni pazuri, ila Septemba na Oktoba maji huwa shida vijijini.

Ujenzi

Kwa upande wa mvua moja jibu ni Juni, bila kusita. Unachimba msingi ardhi ikiwa bado ina unyevu kidogo, inachimbika bila sururu kurudi mikononi. Julai na Agosti kuta zinapanda. Septemba unapaua. Mvua ya Novemba inakuta bati liko juu, na lipu ya ndani unaimalizia kivulini. Nyumba ya mama tuliirudia hivyo. Ile saruji iliyoganda tuliivunjavunja tukaitumia kujazia chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, na mifuko mipya tuliipanga juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kuanza Septemba kunawavutia wengi kwa sababu wameuza mazao na fedha ipo. Nawasihi wafikirie maji kwanza. Zege na tofali za saruji zinatakiwa kumwagiliwa siku saba kwa uchache, la sivyo zinapasuka na kukosa nguvu, na Oktoba katika Dodoma ndoo ya maji inatafutwa. Jua kali na upepo hukausha zege kabla halijashika. Tofali za kuchoma ni kinyume: zinahitaji jua la Agosti na Septemba ili zikauke kabla ya tanuri. Kwa hiyo anayetumia za kuchoma azifyatue mwaka mmoja, ajenge Juni inayofuata. Tofali mbichi zikikutwa na mvua kabla ya tanuri hurudi kuwa udongo.

Upande wa mvua mbili kuna milango miwili. Mmoja ni Januari na Februari, wiki nane hivi tu, unatosha msingi na kuta za nyumba ndogo kama fedha iko mkononi tayari. Mwingine ni kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba. Mimi nachagua wa pili kwa sababu ya joto: fundi anayepiga lipu Februari Dar es Salaam anapumzika kila nusu saa, na ni haki yake. Wa kwanza una faida moja ambayo inaweza kugeuza uamuzi. Ukimaliza msingi Februari, masika itakuonyesha maji ya kiwanja chako yanapita wapi kabla hujapandisha kuta. Kwa kiwanja kipya cha bondeni usichokijua, ningetoa fedha kwa ajili ya somo hilo.

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, usiuchimbe ukiwa katika hali yoyote ya kupita kiasi. Umelowa umevimba, umekauka umesinyaa, na nyumba inayosimama juu yake hupasuka. Huo unahitaji mhandisi kabla ya kalenda.

Safari na sherehe, na mtego wa Desemba

Desemba shule zimefungwa, kazi nyingi zimesimama, kila mtu anakwenda kwao. Mwezi hauuchagui, unakuchagua wewe. Unachoweza kuchagua ni nini ufanye ukifika.

Anayekwenda Rombo au Machame anakuta vuli inaisha, barabara zinapitika, na harusi ya uwanjani inawezekana ukiwa na hema imara. Anayekwenda Mbinga, Ludewa au Sumbawanga vijijini anaingia kwenye mvua yenyewe. Barabara ya lami itamfikisha mjini, lakini kilomita za mwisho zitamtaka gari linalovuta kwa magurudumu manne au miguu yake. Harusi ya kule niliyohudhuria Desemba ilianza saa nne asubuhi na kufungwa saa nane mchana kwa makusudi, kwa sababu mvua za kule hupenda kushuka alasiri. Walijua. Kama ni lazima iwe Desemba, waige.

Kwa anayekwenda kutazama, mvua si adui kila mahali. Uwanda wa Kitulo, uliotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua maua yake wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Machi. Ukienda Julai ukaikuta nyasi ya kahawia, usiilaumu hifadhi. Nyumbu huzaa Ndutu, kusini mwa Serengeti, karibu na Februari, na huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Mafia, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Masika ndiyo ningeikwepa kwa visiwa: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita Mafia wakati wengi waliona msimu unakwisha.

Kabla ya kulipa malipo ya awali

TMA hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu: wa vuli kwa kawaida mwishoni mwa Agosti, wa Msimu karibu na mwisho wa Oktoba, wa masika mwanzoni mwa mwaka. Usome kwa mkoa wako, usisome kichwa cha habari. Neno "wastani" humo lina maana ya wastani wa mahali hapo. Wastani wa Dodoma ni ukame kwa mtu wa Pemba. "Juu ya wastani" kwa vuli ya Tanga ni sababu ya kusogeza harusi. "Chini ya wastani" ni sababu ya kupanda kunde badala ya mahindi.

Kisha piga simu kwa mtu anayelima hapo unapokwenda. Usimuulize hali ya hewa ikoje, atakujibu ni nzuri. Muulize mvua ya kwanza ya kupandia hushuka wiki gani, ya mwisho hukata lini, barabara ya kufika kwake hufungwa mwezi gani, na mwaka jana ilikuwaje. Maswali manne, dakika tano. Akikuambia mwezi uliouchagua ni wa jembe, sogeza tarehe.